Maswali Yenu: Kanisa la mawe, lipigwe simenti au liachwe?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Huku kwetu Old Moshi tuna kanisa la mawe la zamani, la Kilutheri. Lipu ya ndani inabanduka chini karibu na sakafu, ukiingia asubuhi unasikia harufu ya unyevu. Kamati ya ujenzi imeshachangisha hela, wanataka kubandua lipu yote wapige simenti nje na ndani halafu rangi ya mafuta. Babu yangu amekataa kabisa, anasema mtaliua kanisa. Nani yuko sahihi? Na kwanini kuta ni nene hivyo, hadi pale dirishani mtoto anaweza kulala?
– Binti wa Old Moshi

JIBU: Amina dada. Mpe babu shikamoo yangu, yuko sahihi, na kamati isikasirike maana nia yao ni nzuri.

Anza hivi, chukua msumari ukwangue ule udongo mweupe ulioko katikati ya mawe. Ukitoka unga laini kama wa sembe basi hiyo ni chokaa, na kama msumari unateleza tu hiyo ni simenti, kuna fundi alishapita hapo miaka ya karibuni akaziba. Chokaa ina tabia moja nzuri sana, inapumua. Maji yakipanda kutoka ardhini au mvua ya masika ikipiga ukuta, unyevu unaingia na jua likiwaka unatoka. Sasa ukija na simenti, ambayo ni ngumu na haipitishi, ukaongeza na rangi ya mafuta juu yake, maji yale yanakosa pa kutokea, yanabaki ndani yanapanda zaidi, yanabeba na chumvi, na baada ya muda lipu mpya inabanduka tena ikiwa imeshika na vipande vya mawe. Hapo ndio unasikia watu wanasema eti kanisa limezeeka, kumbe limezibwa pumzi.

Pia kuta za mawe zinacheza kidogo kidogo. Chokaa inalegea nazo, simenti inapasuka, na kwenye ule ufa maji yanaingia vizuri zaidi.

Kwahiyo hela mliyochanga anzeni nayo nje. Zungukeni jengo mkague gata kama zimeziba majani, mabomba ya mvua yanamwaga wapi, udongo umepanda kiasi gani ukutani, na yale maua ya akina mama yanayomwagiwa maji kila jioni pale pale kwenye msingi (samahani akina mama) yahamishwe. Chimbeni mfereji maji yaende mbali, acheni ukuta ukauke, na kukauka kwenyewe kunaweza kuchukua miezi. Baada ya hapo ndio mtafute fundi anayejua kuzima chokaa, yaani kuilainisha kwa maji kabla ya kutumia, apige lipu ya chokaa na mchanga kidogo kidogo, asiharakishe, halafu juu chokaa ya kupaka, sio mafuta. Msikubali fundi anayesema "naongeza simenti kidogo tu ishike", huyo ndio wa kumuogopa.

Unene wa kuta ni kwa sababu hakukuwa na nondo wala nguzo za zege, ukuta wenyewe ndio ulibeba paa, na paa linasukuma kuta kwenda nje, hivyo uzito wa mawe ndio unashikilia. Ndio maana pia madirisha ni membamba na juu yana upinde, hawakuwa na lenta, ile boriti ya zege ya kuwekwa pale juu ya dirisha, upinde unagawa uzito kushoto na kulia.

SWALI: Wazee wetu wa Machame wanasema kanisa letu limejengwa 1893. Ni kweli?
– Msomaji, Machame

JIBU: 1893 ni mwaka wamisionari wa Leipzig, shirika la Kilutheri la Ujerumani, walipofika Machame, baada ya Waingereza wa CMS, shirika la misheni la Kianglikana, waliokuwa Moshi tangu 1885 kuondoka 1892. Kufika sio kujenga kanisa la mawe. Kanisa kubwa linajengwa kukiwa na waumini wa kulijaza, na wa kubeba mawe, maana mawe hayajibebi. Fungueni vitabu vya usharika mwangalie ubatizo na ndoa zinaanza kuwa nyingi lini, halafu muangalie tarehe ya kuwekwa wakfu. Na msisahau 1920 wamisionari Wajerumani, wakiwemo akina Bruno Gutmann wa Old Moshi, waliondolewa, Gutmann akarudi 1926, ile miaka ya katikati kazi ilishikwa sana na walimu na wazee wa hapa hapa. Kama jengo lina sehemu mbili zisizofanana, hiyo inaweza kuwa sababu.

SWALI: Kwanini makanisa ya Meru ni ya baadaye kuliko ya Kilimanjaro?
– Kijana wa Usa River

JIBU: Kwa sababu 1896 wamisionari wawili, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, huko huko Meru, halafu jeshi la Wajerumani kutoka Moshi likaja kulipiza, watu wengi wakauawa na ng'ombe wakachukuliwa. Misheni ilianza tena 1902 Nkoaranga, na Ilboru kwa Waarusha 1904. Mimi naona tunawataja sana wale wawili na kuwasahau wale wengi, ukienda Akeri waulize wazee kuhusu wote.