Kamba wamedumaa: kosa la bwawa au la maji?

SWALI: Assalaam alaykum. Nina mabwawa mawili ya kamba hapa Micheweni, Pemba. Moja la udongo nyuma ya mikoko, kama mita za mraba 1,000. La pili dogo, nimelitandika turubai kwa sababu pale ni mawe na maji hayakai. Vifaranga ni wa mkupuo mmoja. Wa bwawa la udongo walikwenda vizuri mpaka masika, kisha wakadumaa. Magamba laini, matamvua yana rangi ya kutu. Wa turubai wazima, ila wananimalizia chakula. Nilifukie la udongo?

JIBU: Wa alaykum salaam. Usilifukie. Tope la mikoko lina chuma na salfa ambavyo havidhuru maadamu vimo chini ya maji. Ulipolichimba na kulifanya tuta, likapigwa na hewa, salfa ikageuka asidi. Mvua ikaikosha tutani na kuiteremsha bwawani. Kamba aliyejivua gamba anahitaji maji yasiyo na asidi ndipo gamba jipya likauke. Asipoyapata hubaki laini, wala hali chakula. Ile kutu ni chuma kilichoganda kwenye matamvua. Tena chuma hicho hunasa fosfati, yaani mbolea inayokuza vijimea vya majini, kwa hiyo hata ukitia samadi maji hayashiki kijani, na chakula cha asili kinakosekana.

Ukishavuna, kausha bwawa mpaka tope lipasuke, lichimbue juu juu, jaza maji ya bahari, yaache siku mbili tatu, pima pH (kipimo cha asidi: ikishuka, asidi imezidi), kisha yamwage bahari ikipwa. Rudia hadi pH isishuke tena chini ya 6. Hapo ndipo unyunyize chokaa ya kilimo, kilo 100 hadi 200 kwa bwawa la ukubwa wako, na matuta usiyasahau: wengi hutia chokaa chini tu, na asidi inatoka juu. Panda ukoka kwenye matuta kabla ya masika.

Jihadhari na chokaa ya kuchoma, ile ya kujengea. Kwenye bwawa tupu inafaa, lakini kamba wakiwamo inapandisha pH ghafla, na hapo amonia iliyomo majini hugeuka sumu.

La turubai halina asidi, lakini pia halina tope la kuwalisha. Ndiyo maana kamba wanategemea mkono wako. Mabaki hujikusanya katikati, huwa meusi na kunuka yai viza. Yanyonye kwa mpira kila baada ya siku chache. Weka chakula kidogo kwenye chano, kizamishe, kiinue baada ya saa mbili: kikibaki, punguza. Bila mashine ya kutia hewa, usizidishe kamba watano kwa mita ya mraba. Oksijeni ipime alfajiri, maana mchana hupanda na kukudanganya. Ikiwa chini ya miligramu 3 kwa lita, kamba huja ukingoni. Inayofaa ni 4 au zaidi.

SWALI: Mvua kubwa ikipiga, nibadilishe maji yote? (Msomaji, Chwaka)

JIBU: La. Maji ya mvua ni mepesi, hukaa juu; toa mbao za juu za mlango wa bwawa, yatoke hayo tu. Kamba wa milia hukua vyema kwenye chumvi ya gramu 15 hadi 25 kwa lita, na mabadiliko ya ghafla huwaumiza kuliko kiwango chenyewe. Badilisha asilimia 10 hadi 20 kwa siku, bamvua likiwapo, yaani siku bahari inapojaa sana. Siku za maji mafu, bahari inapojaa kidogo, huenda isifike mlangoni, basi jaza bwawa mwisho wa bamvua, kina kisipungue mita moja. Kwenye jua la kaskazi kina kikiwa kidogo, maji huchemka na chumvi hupanda.