Probaiotiki: mtindi unatosha wapi, na nani asipewe bila daktari

Ndugu yangu, umesema mama anaharisha tangu aanze antibiotiki, muuzaji wa Kariakoo amekuuzia kopo la vidonge vya probaiotiki, yaani "bakteria wazuri", na sasa unataka kumgawia pia dada yako anayechomwa dripu za saratani pamoja na mwanawe wa mwaka mmoja, ambaye naye anaharisha. Mimi nagandisha na kuuza mtindi Tabata, na wateja huniuliza haya haya mara kwa mara, kwa hiyo nakujibu kwa kirefu.

Kwanza dada yako, kwa sababu hapo ndipo penye hatari. Usimpe hata kidonge kimoja kabla daktari wake hajakubali. Dawa nyingi za saratani hushusha chembe nyeupe za damu na kuchubua utumbo, na bakteria ambaye kwako wewe ni mgeni mpole anaweza kupenya akaingia kwenye damu yake. Kama amewekewa mpira kwenye mshipa mkubwa, hatari inazidi. Mtindi wa mtaani pia aache kwanza. Nina mteja wa siku nyingi ambaye mumewe alipoanza matibabu kama hayo nilikataa kumuuzia, nikamwambia aulize wodini kwanza. Alinuna, lakini nisingeweza kufanya vinginevyo.

Sisemi hivyo kwa woga tu. Mwaka 2008 yalitoka matokeo ya utafiti wa Uholanzi kwa wagonjwa mahututi wa kongosho. Waliopewa mchanganyiko wa probaiotiki walikuwa 152, wakafa 24. Wasiopewa walikuwa 144, wakafa 9. Na Oktoba 2023 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani (FDA) ilitoa onyo kuhusu kuwapa watoto njiti bidhaa hizi, baada ya mmoja kufariki kwa maambukizi ya bakteria aliyekuwa kwenye bidhaa aliyopewa hospitalini. Kwa mtu mzima mwenye afya, madhara ya kawaida ni gesi na tumbo kujaa kwa siku chache, basi.

Mama ana hali tofauti. Antibiotiki inaua vijidudu vya ugonjwa pamoja na vile vinavyoishi tumboni kwa amani, na wengi huharisha kwa sababu hiyo. Hapa ushahidi upo, hasa kwa aina mbili: Lactobacillus rhamnosus GG na Saccharomyces boulardii. Hii ya pili ni jamii ya hamira, siyo bakteria, ndiyo maana antibiotiki haiigusi. Ile ya kwanza itenganishwe na antibiotiki kwa saa mbili hivi. Lakini faida kubwa ni ya kuzuia, yaani kuanza mapema pamoja na dawa. Kama mama anaharisha mara nyingi, ana homa, au ameona damu, mpeleke hospitali. Yupo bakteria anayeitwa Clostridioides difficile anayeshamiri baada ya antibiotiki, na huyo hataki kubahatishwa.

Sasa lisome kopo lenyewe. Mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula (FAO) na afya (WHO) yalikubaliana mwaka 2001 kwamba probaiotiki ni viumbe vidogo vilivyo hai, vikitolewa kwa kiasi cha kutosha vinaleta faida ya kiafya. Hai, na kiasi cha kutosha. Kwa hiyo tafuta jina kamili la bakteria mpaka zile herufi za mwisho (hiyo GG ndiyo kitambulisho chake, ndugu yake wa jina moja anaweza asifanye kazi ile ile), idadi ya walio hai hadi tarehe ya kuisha, na namna ya kuhifadhi. Kopo lililoandikwa likae kwenye friji, kisha likashinda dirishani kwenye joto letu la Januari, mimi silinunui.

Mtindi je? Kwa jambo moja naweza kuusemea bila kusita: wanaosumbuliwa na tumbo wakinywa maziwa ya kawaida, bakteria hai wa yogati huwasaidia kusaga lactose, yaani sukari ya maziwa. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ililikubali dai hilo mwaka 2010, kwa sharti la bakteria wasiopungua milioni 100 katika kila gramu. Madai mengine mengi ya probaiotiki iliyakataa. Kwa hiyo mteja akiniuliza kama mtindi wangu unatibu vidonda vya tumbo au presha, namwambia hapana, na wanaoandika hivyo kwenye mabango wanawakosea watu.

Usalama wa mtindi uko kwenye maziwa kabla hayajaganda. Uchachu peke yake hauaminiki kuua vijidudu vya brusela wala vya kifua kikuu. Mimi nachemsha kwanza, napoza, ndipo naweka mbegu safi ya bakteria wa kugandisha. Yale yanayoachwa yagande yenyewe mabichi kwenye ndoo, hata yakiwa matamu namna gani, siyapeleki mezani kwangu. Ukishagandisha usichemshe tena, wala usimwagie kwenye uji unaotokota, maana utawaua wale uliowataka.

Kwa mtoto, weka kopo kando. Mwaka 2018 tafiti mbili kubwa, moja ya Marekani na moja ya Kanada, ziliwapima watoto wa miezi 3 hadi miaka 4 waliofikishwa hospitali kwa kuharisha na kutapika, na probaiotiki hazikuwasaidia kuliko vidonge bandia. Kinachookoa ni ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji), na zinki miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14. Aendelee kula, lakini asinyonye kwa mama yake aliye kwenye dawa za saratani bila daktari kukubali. Mtindi wa maziwa yaliyochemshwa unaruhusiwa kwa umri wake. Macho yakididimia, akishindwa kunywa, au kinyesi kikiwa na damu, msisubiri kuche, mpelekeni usiku huo huo.