Geji zikipanda pamoja, usinunue dashibodi

Msomaji mmoja wa Hoima ameniandikia: "Kaka, Toyota Surf yangu ya dizeli jioni nikiwasha taa, geji ya joto inapanda mpaka kwenye H (moto), na ya mafuta inajaa yenyewe. Makanika anasema nibadilishe dashibodi yote. Nifanyeje?" Nilianza kucheka, kisha hasira ya zamani ikanipanda. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi Kampala, na bwana mmoja wa ovaroli safi, huku wafanyakazi wake wakinitazama.

Nitajibu kwa urefu kwa sababu nawajua mnaosoma hapa. Hatutaki gari jipya. Tunataka dizeli yetu ya zamani ifike kilomita laki tano, tuwaachie watoto. Na tangu sheria ya 2018 ilipofunga mlango kwa magari yaliyotimiza miaka 15 tangu kutengenezwa, hizi zilizokwisha kuingia Uganda ndizo tulizo nazo. Ukiiua yako, hutaagiza nyingine ya umri wake.

Surf yangu ina injini ya dizeli ya Toyota iitwayo 2L-T. Mwenye injini hiyo anajua inavyoogopwa: ikichemsha vibaya, silinda hedi (kifuniko cha juu cha injini) inapasuka. Kwa hiyo mimi na ile sindano ya geji ya joto tuna uhusiano wa karibu kuliko mimi na spidomita. Nilikuwa natoka Kampala kwenda kwetu Arua, nimeshavuka daraja la Kafu, giza linaingia. Nikawasha taa kubwa. Sindano ikainuka taratibu, ikapita katikati, ikagusa mstari mwekundu. Moyo ukashuka tumboni. Nikaegesha pembeni nikiacha injini inanguruma, nikafungua boneti. Mpira wa juu wa rejeta ulikuwa na joto lake la kawaida, haukuvimba wala kuwa mgumu. Hakuna mvuke, hakuna harufu ya maji yaliyoungua. Feni inazunguka sawasawa. Nikarudi ndani na ndipo nikaona jambo lililonistua zaidi: geji ya mafuta ilisema tanki limejaa, na mimi nilijua limebaki chini ya nusu. Nikazima taa. Sindano zote mbili zikashuka pamoja, polepole.

Zikashuka pamoja. Shikeni hapo.

Nilifika Arua usiku mnene kwa taa ndogo na maombi. Niliporudi Kampala nikapeleka gari kwenye garaji moja yenye bango kubwa. Nikaeleza yote: taa, sindano mbili, kupanda na kushuka pamoja. Yule bwana hakunisikiliza hata nusu. "Ssebo (bwana), dashibodi imekufa. Shilingi laki nne na nusu, na sensa ya joto juu yake." Nikauliza inakuwaje geji mbili zife saa moja na zifufuke nikizima taa. Akageukia wenzake: "Mwalimu anatufundisha umeme." Wakacheka. Ndiyo, mimi ni mwalimu, na nafundisha fizikia. Sikujibu. Nilichukua ufunguo wangu nikaondoka, lakini kicheko kile nakisikia mpaka leo nikipita barabara ile.

Mzee mmoja wa waya kule Ndeeba, anayefanya kazi chini ya mwembe bila bango lolote, hakufungua hata sanduku la spana. Aliniambia niwashe taa, sindano zikapanda. Akachukua waya mrefu, ncha moja akaibana kwenye temino hasi ya betri, nyingine akaigusisha kwenye chuma chini ya dashibodi, pale waya mweusi wa geji unapofungwa. Sindano zikalala mahali pake. Akaachia, zikapanda. Akagusisha tena, zikalala. "Umeona, mwalimu?" Yeye alipoliita jina hilo lilikuwa na heshima.

Kilichokuwa kinatokea ni hiki. Kwenye magari mengi ya enzi hizo, geji ya joto na ya mafuta hulishwa na kidhibiti kimoja kidogo cha volti ndani ya dashibodi, ili sindano zisiyumbe kila alteneta (jenereta ya kuchaji betri) inapopandisha na kushusha umeme. Kidhibiti hicho kinahitaji athi nzuri, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia chuma cha gari, ili kifanye kazi. Athi ikiwa dhaifu, kinapitisha umeme mwingi kuliko inavyotakiwa, na geji zote mbili zinasoma juu. Ukiwasha taa zinazotumia athi ile ile, hali inazidi. Joto halijaongezeka, mafuta hayajaongezeka, ila athi imeoza.

Kwa nini basi gari lilikuwa linatembea vizuri miaka yote hiyo? Kwa sababu ni dizeli. Petroli yenye athi mbovu itakatakata, itagoma kuwaka, itakulazimisha uitafute. Dizeli ya pampu ya kimakanika inawasha mafuta kwa mgandamizo wa hewa, haina cheche. Ikishanguruma, umeme inaoutaka ni ule mdogo wa kushikilia vali ya kuzimia kwenye pampu. Hivyo waya unaoza kimyakimya, na wa kwanza kulalamika ni sindano. Watu wanaiona sindano kuwa ndiyo mgonjwa.

Nilifanya kazi mwenyewe nyumbani, Jumamosi. Boliti ya athi chini ya dashibodi, upande wa mguu wa dereva, ilikuwa na unga wa kijani, na zulia juu yake lilikuwa limelowana maji ya mvua. Nikaifungua, nikasugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, nikabana tena na kupaka grisi juu. Kisha nikavuta dashibodi yenyewe, pale geji zilipopangwa. Nyuma yake kuna karatasi ya plastiki yenye njia nyembamba za shaba, na geji zimebanwa juu yake kwa nati ndogondogo. Nati moja ya geji ya mafuta niliizungusha kwa vidole, bila spana. Miaka mingapi imekaa hivyo, Mungu ndiye ajuaye. Nikasafisha shaba kwa ufutio wa penseli wa watoto, taratibu, kwa sababu njia zile zikikatika hapo kweli utanunua dashibodi. Mwisho nikaongeza waya mpya wa athi kutoka injini hadi bodi ya gari, na mwingine kutoka bodi hadi betri. Gharama yote haikufika bei ya mlo wa watu wanne mjini. Tangu hapo nawasha taa, hita plagi, vipangusa vioo na redio kwa pamoja, na sindano haitikisiki.

Kwa hiyo, ndugu wa Hoima: anza na athi. Kabla hujanunua chochote, anza na athi. Chukua mita ya umeme, iweke kwenye volti, ncha moja kwenye temino hasi, nyingine kwenye chuma cha injini, halafu washa taa na feni. Isome. Ikizidi volti 0.2, kuna athi inayokuibia. Rudia kwenye bodi, rudia kwenye waya mweusi wa dashibodi. Yangu kwenye dashibodi ilikuwa zaidi ya volti moja!

Kama ni geji moja tu inayoyumba, hilo ni jambo jingine: angalia sensa yake na waya wake. Kwenye magari mengi ya Kijapani, ukichomoa waya wa sensa ya joto sindano hushuka kwenye C (baridi). Ukiugusisha kwenye chuma kupitia balbu ndogo ya majaribio, inapanda. Ikitii hivyo, geji ni nzima, kasoro iko kwenye sensa. Usiugusishe moja kwa moja ukauacha, utaunguza geji. Na anayefunga sensa mpya ya waya mmoja asiizungushie utepe mwingi wa mabomba kwenye nyuzi zake. Sensa ile inapata athi kupitia nyuzi hizo hizo.

Vijana wenzangu, tuache kuendesha kwa kukisia. Nimewaona watu wamebandika utepe mweusi juu ya taa ya joto kwa sababu "inasumbua". Nimeona gari linauzwa huku balbu ya onyo imeng'olewa kabisa, na mwenye gari anaapa kwa jina la mama yake. Mtu anajua bei ya rimu mpya, hajui maji ya rejeta yake yana rangi gani. Fundi akikuambia badilisha, muulize amepima nini. Akikasirika, chukua ufunguo wako. Gari ni lako, hela ni yako, na hedi ikipasuka ni wewe utakayelala Karuma na nyani, siyo yeye. Na muulize bila aibu, hata kama wewe si mwalimu wa fizikia. Wakikucheka, waache wacheke.

Nisijitape sana, kwa sababu geji yangu ya mzunguko wa injini bado inarukaruka nikiwa kwenye gia ya tatu. Kwenye dizeli haitegemei koili (kifaa cha kutengeneza cheche kwenye petroli), kwa kuwa koili haipo. Kuna zinazopata ishara kutoka alteneta, na nyingine kutoka sensa iliyo kwenye pampu ya mafuta. Mkanda wa alteneta nimekwisha kuukaza, athi zote mnazijua sasa. Jumamosi ijayo naanza kufuata waya unaokwenda kwenye pampu.