Watoto wa dada wapo makao ya watoto, nawapataje?

SWALI: Dada shikamoo. Mimi nina miaka 26 nauza vitumbua Mbagala Rangi Tatu. Dada yangu aliondoka mwaka jana akaacha watoto wawili, mmoja ana 9 mwingine 5, kwa baba yao wa kambo, yule baba akawa anawapiga mpaka majirani wakapeleka taarifa polisi dawati la jinsia, ustawi wakaja wakawachukua wakawapeleka makao ya watoto. Nimeenda ofisi ya ustawi mara tatu naambiwa njoo wiki ijayo, mara ya mwisho nikaulizwa chumba kimoja utawalaza wapi. Sasa kuna kaka kaniambia nimpe laki moja anasukuma faili. Nimpe? Na mimi sio mzazi, naweza kupewa kweli?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hiyo laki nunulia magodoro. Hakuna ada ya kusukuma faili, huyo kaka akila hela yako hutamuona tena na faili litabaki pale pale.

Kupewa unaweza. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtambua ndugu, shangazi, bibi, mama mdogo kama wewe, na makao ya watoto yanatakiwa yawe kimbilio la mwisho, sio la kwanza. Ila afisa hakupi tu kwa sababu mnafanana sura, anatakiwa aandike ripoti na anayeisoma ni hakimu. Kwa hiyo swali la kwanza ukienda sio "lini nitawapata", uliza "je, mahakama imeshatoa amri, na ni ya muda gani?" maana amri ya kumweka mtoto kwenye uangalizi haizidi miaka 3 au mpaka atimize 18, chochote kitakachotangulia, na inaweza kubadilishwa. Kama bado haijatoka, omba upimwe kama mlezi, hata wa muda huku kesi inaendelea.

Chumba kimoja kisikutishe, nusu ya Dar inalala chumba kimoja. Kitakachokuangusha ni kingine na nakuambia ukweli: vitumbua unaanza kukaanga saa ngapi? Saa kumi alfajiri, sio? Huyo wa miaka 5 anabaki na nani? Hilo ndo afisa ataliuliza akija kukutembelea, na ukijibu "Mungu yupo" umekwisha. Tafuta jirani wa kueleweka, aende na wewe ofisini aseme kwa mdomo wake, jina lake na namba yake viandikwe. Barua ya mwenyekiti wa mtaa chukua pia (wengine watakuomba "ya soda", haya).

Nunua daftari. Kila ukienda andika tarehe, jina la afisa, alichosema. Mwaka fulani nilimsindikiza mama mmoja, faili lake likahamishwa afisa, yule mpya akasema huyu mama hajawahi kufika hapa. Tukafungua daftari: mara kumi na moja, mara mbili kwenye mvua, ukurasa mmoja umelowa wino umetapakaa. Yule afisa alikaa kimya akavuta kiti akasema haya kaa tuanze.

Na huyo wa miaka 9 ana haki ya kusikilizwa, mahakama ya watoto inakaa faragha na afisa ustawi anakuwepo, ila usimfundishe la kusema. Nimeona mtoto anamwambia hakimu "mama mdogo kasema nikiulizwa niseme nampenda", chumba kizima kikainama. Ukitaka wa kukusemea kisheria, uliza msaada wa kisheria bure, upo kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 na kuna wasaidizi wa kisheria mpaka huku mitaani. Ukizungushwa sana panda kwa afisa ustawi wa manispaa, Temeke kwako. Na ukisikia watoto wanapigwa huko waliko piga 116, ni bure.

Kingine, nenda ukawaone kwa siku wanazoruhusu, usikose hata moja, jina lako libaki kwenye kitabu cha wageni. Vitumbua uliza kwanza mlangoni, kuna makao hawapokei chakula cha nje.