Jojoba Dodoma inazaa, lakini ipe baridi yake

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Kilosa aliniandikia. Amerithi shamba, ameshawishiwa kuhusu jojoba, kichaka cha jangwani chenye mbegu za mafuta, na masika yajayo anataka kupanda mbegu shamba zima. "Kaka, nasikia haitaki maji mengi, na joto kwetu lipo la kutosha." Nimeshamjibu, ila naliweka na hapa, maana najua wengi wenu mnatafuta zao la kudumu linalostahimili ukame, kama nilivyolitafuta mimi.

Hilo la joto nami niliambiwa. Aliyeniuzia mbegu alisema mmea wa jangwani unataka jua tu, basi. Ni kweli jojoba asili yake ni jangwa la Sonora, kule Arizona, California na Mexico. Lakini jangwa lile lina majira ya baridi, tena baridi hasa. Kitumba cha ua hutokeza kwenye kwapa la jani wakati wa joto, kisha kinalala. Hakiamki mpaka kipitiwe na majuma ya baridi, na baridi ikiisha kipate maji. Ukikosa baridi utapata kichaka kizuri, majani magumu ya kijivu yamesimama wima, na tunda hulioni.

Ndivyo shamba langu la jojoba hapa Dodoma lilivyokaa. Msibani, mbele ya wageni, mjomba alisema ning'oe "maua yangu" nipande alizeti kama watu wenye akili. Watu wakacheka. Nilinyamaza kwa heshima yake, lakini neno lile bado ninalo.

Kilichonitia moyo ni zabibu. Nao mzabibu huko kwenye nchi za baridi hupukutisha majani ukalala, lakini hapa kwetu, Hombolo, Mpunguzi na Makutupora, wakulima wanaupogoa na kuvuna mara mbili kwa mwaka. Jojoba haipukutishi majani na haiamshwi kwa mkasi. Hata hivyo Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kipupwe cha Juni hadi Agosti usiku hushuka mpaka nyuzi 13 au 14. Nikajiuliza: je, hamna hata mche mmoja unaotosheka na baridi hiyo? Mimea ya mbegu haifanani, kila mmoja una tabia yake.

Nikaanza kupita mstari kwa mstari kila asubuhi. Mvua zilipokata sikumwagilia kabisa, kipupwe chote. Baridi ilipoanza kulegea mwishoni mwa Agosti, nikafungulia maji. Upande wa juu wa shamba, kimya. Kule chini, mguuni mwa kilima, ambako hewa ya baridi hutelemka na kutuama usiku huku mchanga ukipitisha maji vizuri, vitumba vikafunguka. Dume lina vishada vya manjano, ukivigonga kwa kidole chavua inatimka. Jike lina ua moja moja la kijani hafifu, halina petali, limeinama. Usipolitafuta kwa makini hulioni. Nililishika mkononi nikaita mke wangu kwa sauti.

Mwaka huu majike yale yamezaa. Mbegu za kahawia, na karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, ambayo kwa kweli ni nta ya majimaji. Ndiyo yaliyotafutwa sana Marekani ilipopiga marufuku mafuta ya nyangumi mwanzoni mwa miaka ya 1970, na leo yamo kwenye vipodozi.

Sasa nisikilizeni, ndugu zangu. Acheni kununua mbegu kwa maneno ya muuzaji! Jojoba ni kama papai: kuna dume na jike, na kwa mbegu karibu nusu ya shamba hutoka madume, nawe hutajua mpaka ichanue, yaani miaka mitatu au zaidi. Shambani dume moja linatosha majike kumi hivi, kwa kuwa upepo ndio unaobeba chavua. Tafuta pingili za jike lililozaa kwenye baridi ya kwetu. Nasema tena, baridi ya kwetu. Israel wanapanda miche ya pingili za mimea iliyochaguliwa. Sisi kwa nini tubahatishe? Udongo wa mbuga achana nao, maji yakituama mizizi inaoza. Na jiandae: inayochanua Agosti hukomaa mvua zikiwa zimeshika, mbegu zinaangukia tope. Tandika turubai, okota kila siku.

Kijana wangu, Kilosa mjini ni chini kuliko huku, na usiku wa Julai hauna baridi kama ya Dodoma. Shamba lipande ufuta, jojoba weka miche michache ya kujaribia. Pingili za majike yangu ziko kitaluni chini ya nailoni. Zikishika mizizi nitatangaza, na nitaanza na wenye mashamba ya mwinuko yasiyotuamisha maji.