Sitiari isiyo na "ni" wala "kama": itafute kwenye kitenzi

Mleta mada ameuliza inakuwaje mstari uitwe sitiari (kukieleza kitu kana kwamba ndicho kingine) ilhali hauna "ni" wala "kama". Tazama sentensi hizi tatu:

Mzee ni kama kuku juu ya shamba lake.
Mzee ni kuku juu ya shamba lake.
Mzee aliliatamia shamba lile miaka 20.

Ya kwanza ni tashibiha (kulinganisha kwa "kama"), ya pili sitiari ya wazi. Katika ya tatu kuku hakutajwa, lakini yumo. Kaingizwa na kitenzi. Hiyo ndiyo sitiari fiche, na Kenya wengi wanaiita jazanda.

Kuifumbua, shika kitenzi kisichoendana na mtendaji wake, kisha uliza: kwa kawaida nani huatamia? Kuku. Wengi huishia hapo na kupoteza nusu ya maana. Uliza tena: huatamia nini? Mayai. Kitenzi kimoja kimeleta mifanano miwili: mzee amekuwa kuku, shamba limekuwa mayai. Sasa angalia sifa zinazohama. Kuku anayeatamia habanduki, humdonoa anayesogea, na anangoja kitu kianguliwe. Kumbe mzee si mchoyo tu, ana matumaini na shamba lile! Mbele ukikuta "mwisho likawa viza" (viza ni yai lililooza), hapo umethibitisha: matumaini yameozea palepale alipoyakalia. Sentensi zinazofuata zikiikataa picha yako, rudi nyuma, huenda umekisia kiumbe siye.

Jihadhari na vitenzi vilivyozoeleka. "Kufoka" ni kwa chungu kinachochemka mpaka kinamwagika, lakini siku hizi "bosi alifoka" ni lugha ya kawaida, usiihesabu. Mwandishi akisema "alifoka mpaka akazima moto", chungu kimerudi jikoni, ihesabu.

Tashihisi (kukipa kisicho mtu matendo ya mtu) nayo huchanganya. "Njaa ilibisha hodi": abishaye hodi ni mtu, na njaa si mtu, basi hiyo ni tashihisi. Kitenzi kikiazimwa kwa mnyama au kitu, kama "deni lilimtafuna" au "hasira ziliyeyuka", ni sitiari fiche.

Kwenye mtihani usiandike "ni sitiari" ukaacha. Taja kinachofananishwa, kinachofananishwa nacho, na sifa inayoviunganisha: "Mzee amefananishwa na kuku anayeatamia, na shamba na mayai, kwa jinsi anavyoling'ang'ania akitarajia limzalie kitu."