Shangazi, nisome wasifu gani wa mzee aliyenikataa kwanza?

*Shikamoo Shangazi. Nimezaliwa Muheza, nimeolewa Pittsburgh, Marekani. Baba mkwe wangu, Mkroatia, amefariki Jumapili akiwa na miaka 81. Alitoka kijiji cha karibu na mji wa Imotski, huko Kroatia, akaenda Munich, Ujerumani, mwaka 1969, kisha akaja huku kufanya kazi kiwanda cha chuma. Kiwanda kilipofungwa akawa anasafisha shule usiku mpaka alipofika miaka 70. Mume wangu ameniomba niandike wasifu wa kusoma Jumamosi kwenye chakula cha baada ya maziko, maana yeye akishika kalamu analia. Wote wananiambia niandike "mchapakazi, aliyeipenda familia". Ni kweli. Lakini hakuja kwenye harusi yetu, na miaka miwili hakuwahi kunitaja kwa jina. Kisha Novemba moja akaniita uani nimsaidie kuufunga mtini wake, mti wa tini, magunia usife kwa baridi, na tangu siku hiyo nikawa mwanawe. Mume wangu naye anasema utotoni hamkumbuki baba yake akiwa macho mchana. Nikiyasema haya nitaharibu msiba, nikiyaacha nitakuwa nasoma uongo. Nifanyeje? — Mkwe*

Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba.

Nianze na hilo "mchapakazi", maana limenichosha. Wasifu wa marehemu huku kwetu unaujua: alizaliwa, alisoma, aliajiriwa, aliugua, ameacha mjane na watoto watano. Ukibadilisha jina unamtosha hata marehemu wa mtaa wa pili. Watu wanausikiliza huku wakichungulia wali umefikia wapi. Mzee aliyeufunika mtini magunia anastahili zaidi ya hapo.

Wakroatia wana msemo wao wa watu wa namna yake: *trbuhom za kruhom*, mtu kwenda na tumbo lake akiufuata mkate. Imotski ni nchi ya mawe, na mashamba yenye rutuba ni machache. Yugoslavia ilipotia saini na Ujerumani Magharibi mkataba wa wafanyakazi mwaka 1968, vijana wa huko walitoka kwa wingi, na baba mkwe wako aliondoka mwaka uliofuata. Leo mji huo una mnara wa jiwe wa kuwaenzi waliokwenda Ujerumani, na kilichochongwa ni gari la Mercedes. Gari! Nilicheka nilipoona picha yake, halafu nikaacha kucheka. Gari ndilo kijiji kililoliona mtu aliporudi likizo. Zamu za usiku hakuna aliyeziona, na mumeo anakwambia hivyohivyo kwa maneno mengine.

Wewe mtoto wa Muheza usiyaone haya mageni. Kwenye mkonge wa kwenu walikuwapo manamba, wanaume walioletwa kwa mkataba kutoka Kigoma, Songea na hata Burundi, wakaitwa kwa namba kabla ya kuitwa kwa majina. Wengi hawakurudi makwao. Wajukuu wao unawajua, umecheza nao.

Kabla hujaandika, vuka mto Allegheny uende Millvale, si mbali na hapo ulipo. Kuna kanisa la Wakroatia la Mtakatifu Nikola, na kuta zake zilichorwa na mchoraji Maxo Vanka mwaka 1937 na tena mwaka 1941. Tafuta ukuta wenye akina mama wamemzunguka kijana aliyekufa kazini. Vanka alikuwa anapamba kanisa la watu waliotoka migodini na viwandani, angeweza kuwachora wakitabasamu na mikono yenye misuli. Alichora bei waliyolipa. Waumini hawakumfukuza, miaka minne baadaye alirudi akaendelea kuchora.

Kwa hiyo, zamu za usiku ziseme. Sema kwamba viwanda vya chuma vya bonde la mto Monongahela, hapo kwenu, vilipoanza kuanguka miaka ya 1980 (kile kikubwa cha Homestead kilifungwa 1986), yeye alikuwa na watoto wa kulisha, akashika ufagio. Sema mwanawe alimjua kwa viatu vilivyoachwa mlangoni na mlango wa chumba uliofungwa mchana, kama ndivyo ilivyokuwa. Huko si kumsema vibaya marehemu. Ukimsifu kwa kazi bila kusema kazi ilimnyima nini, hujamsifu yeye, umekisifu kiwanda.

Ile miaka miwili ni habari nyingine. Mimi nisingeisoma hadharani bila kumuuliza mama mkwe wako kwanza. Kaa naye jikoni, wanapoandaa *karmine*, hicho chakula cha baada ya maziko, umwambie: "Mama, nataka kusema hatukuanza vizuri." Akikubali, sentensi moja inatosha: "Mwanzo hakunitaka, na siku aliyonitaka alinipa kamba nishike." Akikataa, anza na siku ya mtini moja kwa moja, wenye kujua watajua. Lakini usisome kwamba alikupokea kwa mikono miwili. Hilo hata yeye angeguna ndani ya sanduku.

Usiruke mambo madogo: alikuwa anazungushaje kamba, alisema nini, kwa lugha gani. Kiingereza chake kilikuwa kibovu? Kiandike kilivyokuwa, ilimradi si kwa dhihaka. Wazee wenzake watacheka, na kicheko msibani si dhambi. Ukimaliza sema *laka mu zemlja*, udongo uwe mwepesi kwake, ndivyo wanavyoagana na wafu wao. Jifunze matamshi leo, usingoje Jumamosi.

Sasa mumeo. Umebebeshwa mzigo wake, na umeubeba vizuri, ila si wote wako. Usimwambie akae aandike, hawezi. Wewe mwenyewe umesema mti hufungwa Novemba, na tuko wiki ya kwanza. Kesho asubuhi toeni magunia stoo, mpe yeye kamba, wewe shikilia matawi, na daftari lako liwe mfukoni.